Korona na Ada ya Kuhuisha Hataza: Habari za Korogwe na Handeni

Katika nchi ya Korogwe, tangu Hale na Kwamdulu hata Magunga na Ngombezi, watu wa mkonge wana neno lao la korona. Kwao korona ni ile mashine kubwa ipondayo majani ya mkonge na kuyatoa nyuzi. Na kwa kupanuka maana, ni jumba zima lenye mashine hiyo, pamoja na mifereji yake ya maji. Mtu husema kwamba nduguye anafanya kazi korona, kama mwingine asemavyo kuwa wake anafanya kazi bandarini. Maradhi yaliyoenea duniani mwaka 2020 yalikuja na jina lifananalo na hili, lakini katika mashamba ya mkonge neno lilikuwa kongwe kuliko maradhi.

Asili yake ni jina la biashara. Corona ilikuwa mashine ya kiwanda cha Krupp Grusonwerk cha Magdeburg, Ujerumani, nayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilitangazwa kwa wenye mashamba ya nchi za joto kuwa ni mashine yenye hataza. Hataza, kama wasomaji wajuavyo, ni haki ya pekee ambayo serikali humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, ili mtu mwingine asiunde, asiuze wala asitumie uvumbuzi wake bila ya idhini yake. Naye mvumbuzi, kwa upande wake, hulazimika kuueleza uvumbuzi huo kwa maandishi yaliyo wazi, yapate kusomwa na watu wote. Haki ya Corona imekwisha kufa zamani. Jina lake lingali hai vinywani mwa watu. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi haki za namna hii zinavyoishi na zinavyokufa, na kifo chake kina maana gani kwa watu wa Korogwe na Handeni. Jambo lenyewe laonekana dogo, maana ni habari ya ada tu, yaani fedha ipasayo kulipwa kila baada ya muda ili hataza iendelee kuwa na nguvu. Lakini katika ada hiyo ndimo ilimo mipaka baina ya mali ya mtu mmoja na mali ya watu wote.

Yafaa kwanza tulitazame neno. Waingereza huiita ada hii kwa neno lenye maana ya kufanya upya, nao Wajerumani huiita ada ya mwaka. Sisi twasema ada ya kuhuisha. Kuhuisha ni kutia uhai, nalo neno hili na neno uhai ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Kwa hiyo Kiswahili chetu kimesema jambo ambalo lugha zile mbili hazikulisema waziwazi: kwamba haki hii, ikiisha kutolewa, haiishi yenyewe kama liishivyo jiwe, bali huishi kama kiumbe, hutaka kulishwa, na asiyeilisha huizika. Shamba la mtu lililoachwa miaka mitatu huota magugu, lakini lingali shamba lake. Hataza iliyoachwa haioti magugu. Hukoma, na siku ya pili yake kila mtu aweza kuingia.

Desturi hii haikuwapo tangu mwanzo. Katika Uingereza, kabla ya mwaka 1852, mvumbuzi alilipa gharama zote, nazo zilikuwa kubwa mno, wakati wa kupewa hataza. Akiisha kulipa hakudaiwa tena mpaka muda wake ukome. Sheria ya mwaka 1852 iliugawa mzigo. Mvumbuzi alitoa pauni 25 mwanzo, kisha pauni 50 kabla ya mwaka wa tatu kwisha, na pauni 100 kabla ya mwaka wa saba kwisha. Aliyeshindwa kutoa fungu lililofuata alipoteza haki yake. Waliotunga sheria walipata mambo mawili kwa pamoja: mlango wa kuingilia ulikuwa mwepesi zaidi kwa mtu wa mali kidogo, na hataza zisizo na faida zilijiondoa zenyewe daftarini, maana hakuna mtu apendaye kulipa pauni 50 kwa ajili ya kitu kisichomletea hata pauni moja.

Wajerumani walilichukua wazo hilo wakalipeleka mbali zaidi. Sheria yao ya tarehe 25 Mei 1877 iliweka muda wa miaka 15. Mvumbuzi alilipa marki 30 alipopewa hataza. Mwaka wa pili alilipa marki 50. Na tangu hapo ada ilipanda kwa marki 50 kila mwaka, hata mwaka wa 15 ikawa marki 700. Aliyeitunza hataza yake mpaka mwisho alikuwa amelipa jumla ya marki 5,280. Ada hiyo ilikuwa ngazi, na kila kipandio kilimwuliza mwenye hataza swali lile lile: Je, uvumbuzi wako wakufaa zaidi ya gharama hii? Wengi walishuka mapema. Katika hataza zilizotolewa Ujerumani baina ya mwaka 1891 na 1907, takriban saba katika kila kumi zilikuwa zimekwisha kufa baada ya miaka mitano tu, na zilizofika mwaka wa 15 hazikuzidi tano katika kila mia. Sheria ile haikuwasahau maskini kabisa: mtu aliyethibitisha uhitaji wake aliweza kucheleweshewa ada za miaka miwili ya kwanza mpaka mwaka wa tatu, na kama hataza ilikufa mwaka huo wa tatu, alisamehewa deni. Hili nalitaja makusudi, maana nitalirudia mwishoni.

Sasa na tuje Usambara. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu, navyo vilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika hivyo 62 ndimo yalimotoka mashamba makubwa yaliyofuata njia ya reli. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902, na nchi iliyokuwa ya mahindi na ya misafara ikawa nchi ya safu za mikonge.

Msomaji na aangalie tofauti iliyopo hapa. Mmea wenyewe haukuwa na hataza. Hakuna aliyelipa ada ili kuendelea kuumiliki mkonge kama aina ya mmea. Aliyepata chipukizi alipanda, na aliyepanda alipata vichipukizi vingine. Lakini jani la mkonge lisilochakatwa halina thamani sokoni. Nyuzi ni kama sehemu nne tu katika mia ya uzito wa jani, na zilizobaki ni maji na makapi. Kwanza ilitumika mashine ndogo iitwayo raspado, ambayo mtu aliilisha jani kwa mkono, nusu moja, akalivuta, akaligeuza, akalisha nusu ya pili. Kazi ilikwenda polepole, nayo ilikuwa ya hatari kwa vidole. Corona ilibadilisha hali hiyo: majani hulazwa kwa upana, hushikwa na kusukumwa mbele yenyewe, ngoma ya kwanza yenye visu butu hukwangua nusu ya jani, kisha jani hushikwa upande uliokwisha kukwanguliwa, na ngoma ya pili humaliza nusu iliyobaki, huku maji mengi yakiosha daima. Mmea ulikuwa huru, mashine ilikuwa na mwenyewe. Faida yote ya mmea ilipitia katika mlango wa mashine.

Ndiyo sababu pia historia ya Korogwe na ya Handeni haikwenda sambamba, ingawa ni majirani na watu wake ni ndugu. Korona hutaka vitu viwili: maji mengi, na njia ya kuchukulia mzigo mzito. Korogwe ilikuwa na mto Pangani na ilikuwa na reli. Handeni ni nchi ya maji haba, na reli haikupita huko. Mashamba ya mkonge yaliyoko huko, kama ya Kabuku, yako upande wa mashariki, karibu na njia ya kwenda pwani. Sehemu kubwa ya Handeni ilibaki na mahindi yake na mifugo yake. Kutoka katika maisha ya mashamba haya Kiswahili kilipata maneno mengine, kama manamba kwa vibarua wa mkataba, kutokana na namba waliyopewa, na kipande kwa kadi ya siku za kazi. Korona ni neno la ukoo huo huo. Manamba na kipande ni maneno ya upande wa mtu. Korona ni neno la upande wa chuma.

Je, haki ya chuma hicho ilitunzwa wapi? Si Korogwe, wala si Dar es Salaam. Zamani za Wadachi daftari la hataza lilikuwa Berlin, na ada za kila mwaka zililipwa Berlin. Mfanyakazi wa korona hakuwa na njia ya kujua kama mashine iliyokuwa mbele yake ilikuwa na haki iliyo hai au iliyokufa. Hata mwenye shamba aghalabu hakuwa na haja ya kujua, maana alinunua mashine nzima pamoja na vipuri kutoka kwa mwenye kiwanda.

Vita vya mwaka 1914 vilivuruga mambo yote. Mwenye hataza aliyekuwa upande mmoja wa vita hakuweza kwa urahisi kulipa ada yake katika nchi ya adui, na hataza nyingi zingekufa kwa sababu hiyo tu, si kwa kukosa faida. Kwa hiyo Mkataba wa Versailles, ulioanza kutumika tarehe 10 Januari 1920, uliweka kifungu cha 307, kilichowapa raia wa nchi zilizotia sahihi muda usiopungua mwaka mmoja wa kulipa ada zilizochelewa na kutimiza taratibu nyingine, bila ya faini. Jambo hili ni la ajabu kidogo: mkataba ule ule uliowanyang'anya Wajerumani koloni lao, na ulioruhusu mashamba yao ya Korogwe kuuzwa kama mali ya adui, uliwakumbuka wenye hataza waliokawia kulipa ada. Hata hivyo, muda ulikuwa unakwenda. Hataza ya Kijerumani iliyoombwa kabla ya vita, hata ikiongezewa miaka ya vita na miaka iliyoongezwa na sheria ya baadaye, haikuweza kufika mwaka 1940. Baada ya hapo ubunifu wa Corona ya kwanza ulikuwa wa kila mtu aliyeweza kusoma mchoro wake. Viwanda vingine, kama Robey cha Lincoln huko Uingereza, navyo vikawa vinaunda mashine za kuchakata mkonge, na mashine hizo zilipofika katika jumba la korona, jumba halikubadilisha jina lake.

Chini ya utawala wa Waingereza mahali pa kulipia ada palihama kutoka Berlin, lakini hapakuja karibu zaidi. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuandikisha hataza, lakini haikuwa sheria ya kutoa hataza. Mvumbuzi alipaswa kupata hataza yake London kwanza, kisha katika muda wa miaka mitatu aliweza kuiandikisha Dar es Salaam. Haki aliyoipata hapa ilikuwa kivuli cha ile ya huko: iliendelea maadamu hataza ya London ilikuwa hai, na ilikufa siku ile ile hataza ya London ilipokufa. Ada ya kuhuisha ililipwa London, kila mwaka, kuanzia kabla ya mwaka wa nne kwisha. Mtu aliyekaa Korogwe na kusikia kwamba mashine fulani ina hataza hakuweza kujua habari zake kamili kwa kutazama daftari la Dar es Salaam peke yake.

Kwa upande wa maumbo na michoro ya bidhaa, kivuli kilikuwa kirefu zaidi. Mchoro ulioandikishwa Uingereza ulilindwa Tanganyika bila ya kuandikishwa hapa hata kidogo. Ulinzi wake ulikuwa wa miaka mitano, ukaweza kuhuishwa mara mbili kwa ada, jumla miaka 15. Tuchukue mfano wa kanga. Doti zilizouzwa katika maduka ya Korogwe na Handeni kabla ya uhuru zilichapwa nchi za nje, katika Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi, na baadaye Japani. Mchoro wa kanga hupendwa kwa msimu, kisha wanawake hutaka mwingine. Kwa mfanyabiashara, kulipa ada ya kuhuisha baada ya miaka mitano kwa mchoro wa namna hiyo kulikuwa na faida ndogo sana. Lakini iko michoro michache isiyochusha, ambayo nyanya aliivaa na mjukuu aivaa. Mchoro wa namna hiyo ndio ambao ada ya kuhuisha ilikuwa na maana kwake. Na ada ikiisha kukoma, mchoro huwa wa mchapaji yeyote. Hapa twaona sheria ile ile ya ngazi: muda ndio upimao, na ada ndiyo mizani.

Matokeo ya mambo haya kwa wenyeji yalikuwa makubwa kuliko yaonekanavyo. Katika karakana za mashamba walikuwapo mafundi waliofua visu vya ngoma, waliotengeneza mikanda na kuchonga vipuri, na waliojua tabia za korona kuliko mtu yeyote. Mafundi hawa walijifunza jambo moja tu kuhusu hataza: kwamba ni kitu cha wengine, kilichoandikwa kwa lugha nyingine na kulipiwa mji mwingine. Hawakuambiwa kwamba kitu hicho kina mwisho. Kwa hiyo hasara yao ilikuwa mara mbili. Waliogopa kuiga kilichokuwa kimekwisha kuwa huru, na hawakufikiri kuandikisha kile walichokivumbua wenyewe.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka hatua kwa hatua. Tanganyika iliingia katika Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwanda mwaka 1963. Mkataba huo una sharti moja litufaalo hapa: mwenye haki aliyechelewa kulipa ada hupewa muda wa nyongeza usiopungua miezi sita, ingawa aweza kutozwa faini. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na korona zikawa mali ya umma. Lakini sheria ya hataza ilibaki ile ya kivuli cha London mpaka Bunge lilipotunga Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Kwa sheria hiyo hataza hutolewa Tanzania yenyewe. Muda wake ni miaka kumi tangu kuombwa, nao waweza kuongezwa miaka mitano, mara mbili. Ada hulipwa kila mwaka. Tena nyongeza ile ya miaka haipatikani kwa fedha peke yake: mwenye hataza sharti aonyeshe kwamba uvumbuzi wake unatumika katika nchi hii, au atoe sababu ya haki ya kutoutumia. Hapa sheria yetu imeongeza mizani ya pili juu ya ile ya Wajerumani. Ngazi ya mwaka 1877 ilimwuliza mwenye hataza kama uvumbuzi wamfaa yeye. Sheria ya mwaka 1987 yamwuliza pia kama waifaa nchi. Mwaka 1999 nchi ilijiunga na Itifaki ya Harare ya shirika la ARIPO, ambayo kwayo ombi moja laweza kufunika nchi kadhaa za Afrika, kwa hataza na kwa maumbo ya bidhaa. Lakini ada ya kila mwaka huhesabiwa kwa kila nchi iliyotajwa, na isiyolipiwa huanguka peke yake. Mwaka huo huo kazi ya usajili iliwekwa mikononi mwa wakala wa serikali, BRELA, mjini Dar es Salaam.

Leo mkonge wa Korogwe haulimwi na mashamba makubwa tu. Wakulima wadogo wa Hale, Magunga, Magoma, Mwelya na Ngombezi wana vyama vyao vya ushirika, nao hupeleka majani yao korona. Mkulima aliye mbali na korona, na zaidi aliye Handeni ambako maji ni haba, hungoja zamu na gari huku majani yakikauka. Haja ya mashine ndogo, ya bei nafuu na yenye kutumia maji kidogo, yaonekana wazi. Akitokea fundi wa Handeni akaibuni, atakutana na ada ile ile iliyolipwa zamani Berlin na London. Asipoilipa, mwenye kiwanda wa mbali ataiunda kwa wingi na kumwuzia fundi mwenyewe. Yako maneno ya haki kwamba ada ya namna hii humwangukia maskini kuliko tajiri, na tumeona kwamba hata sheria ya mwaka 1877 ililiona jambo hilo. Msamaha wa miaka ya kwanza si wazo geni wala si sadaka. Ni kumpa mvumbuzi nafasi ya kujua kama mti wake utazaa kabla ya kumdai matunda.

Lakini upande wa pili wa jambo hili ndio uliosahauliwa zaidi. Kwa kila hataza moja inayohuishwa, ziko nyingi zilizoachwa, na ziko nyingi zaidi ambazo hazikupata kuombwa katika nchi hii. Hizo zote, pamoja na michoro na maelezo yake, ni mali ya fundi wa Korogwe bila ya senti moja kumtoka, maadamu haki iliyo hai haipo hapa. Aliyezisoma amerithi kazi ya vizazi. Kikwazo chake si sheria tena, bali ni lugha, kwa kuwa maandishi hayo hayako katika Kiswahili. Hili ni jambo la wataalamu wa lugha kabla ya kuwa jambo la wanasheria.

Wala mambo hayakuishia kwenye mashine. Kituo cha utafiti cha Mlingano, jirani na Korogwe, kilizalisha chotara wa mkonge ajulikanaye kwa namba 11648, naye alienea mpaka China pasipo mtu kulipa ada ya haki ya mmea. Tangu sheria ya mwaka 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na tangu nchi ilipoingia mwaka 2015 katika mkataba wa kimataifa wa UPOV, mmea mpya nao waweza kuwa na mwenyewe, na haki hiyo nayo hutaka kuhuishwa kwa ada. Tofauti ile ya zamani ya Hindorf na Krupp, mmea huru na mashine yenye mwenyewe, imeondoka.

Kwa hiyo neno korona lina funzo kuliko linavyodhaniwa. Wale waliolichukua kutoka katika bamba la chuma na kulifanya Kiswahili hawakumwomba mtu idhini wala hawakulipa ada, na limeishi kuliko haki ya waliolibuni. Lugha huhuisha kwa kutumia. Sheria huhuisha kwa kulipa. Fundi wa Korogwe na wa Handeni hana budi kujua yote mawili: alipe kwa wakati kilicho chake, na atumie bila ya hofu kilichoachwa na wengine.